Mbwa Aliyefuatwa na Pilau

Mume wangu Fredrick Alute ana bucha hapa Ikungi, na mwenye bucha hana Krismasi. Siku hiyo watu wanagonga dirisha kabla hatujaamka. Huyu anataka mbavu, yule anataka maini, mwingine hata hajui anataka nini ila anataka akatiwe kabla ya jirani yake. Ndiyo maana sikukuu yetu sisi huwa tarehe ishirini na sita. Fredrick anafunga bucha, ananawa mikono hadi viwiko kwa sabuni ya kufulia, anavaa shati jeupe, halafu anatupakia mimi na watoto wawili, sufuria, mkeka na ndoo ya maji, tunaenda kula porini.

Nimesema porini na sijakosea. Tunaenda kwenye mawe na miiba, mahali ambapo ukitaka kukaa lazima kwanza uangalie kama kuna siafu. Na si Krismasi tu. Pasaka tunaenda, watoto wakifunga shule mwezi wa sita tunaenda. Mwanzoni Bi Anifa, anayeuza vitenge ng'ambo ya barabara, aliniuliza kwa sauti ya chini kama anayeuliza habari za mgonjwa.

"Mama Rebeka, huko mnakokwenda mnachunga?"

"Hatuchungi."

"Mnakata kuni?"

"Hatukati."

"Sasa mnafanya nini?"

"Tunakula, halafu tunarudi."

Akanitazama sana, kisha akaniagizia soda. Nilijua ni ya huruma, lakini niliinywa.

Chanzo cha yote ni Mungaa, alikozaliwa Fredrick. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache, na ng'ombe hawajui Krismasi. Watoto wengine wamevaa nguo mpya wanazunguka kijijini, yeye yuko malishoni na fimbo begani. Basi Krismasi moja mama yake, mama mkwe wangu Marietha, alipakua pilau kwenye bakuli, akafunika kwa sahani, akafunga kwa kitambaa, akawaacha wageni wake nyumbani, akatembea mpaka kwenye mawe makubwa nje ya kijiji kumpelekea mwanawe. Hadithi hiyo Fredrick ametusimulia hadi Benson, mwanetu mdogo, anaweza kuimalizia. "Pilau ya ndani ya nyumba haina ladha," husema, na anasema kweli kabisa, hatanii. Mimi ni fundi cherehani, napenda kiti chenye mgongo na kivuli cha bati. Lakini ukipenda boga, penda na ua lake, na boga langu mimi linakula porini.

Nilidhani ua limeishia hapo. Kumbe mbwa alikuwa bado njiani.

Siku za mnada, nyuma ya mabucha hujaa mbwa wasio na mwenyewe, na watu huwafukuza kwa mawe. Mmoja alikuwa wa rangi ya vumbi, mwembamba, sikio moja limechanika. Fredrick alimwonea huruma akamrushia mfupa wenye nyama. Yule mbwa hakuuona mfupa, aliuona mkono uliopanda juu. Alitoka mbio akipita chini ya meza za wauza dagaa, analia kama aliyepigwa, na hakuna aliyempiga. Jioni Fredrick alisukuma sahani pembeni.

"Nimempa nyama, yeye kaona jiwe," akasema.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," nikamjibu. "Kula, ugali unapoa."

Hakula. Siku iliyofuata aliuweka mfupa chini nyuma ya bucha, akaketi kwenye kigoda karibu yake, akaupa mgongo, akaanza kunoa kisu. Kisu chenyewe kilikuwa kikali tayari. Wateja wakawa wanauliza, "Baba Rebeka, leo umemnunia nani?" Mzee Mselemu, anayemchinjia, alicheka mpaka akashika ukuta. "Wanyama wote wanakukimbia wewe na visu vyako," alimwambia, "huyu mmoja ndiye unayembembeleza?" Fredrick hakujali. Alikaa hivyo msimu mzima wa mvua, kila akipata nafasi, mpaka jioni moja nikamwona anarudi nyumbani anatembea taratibu sana, bila kuangalia nyuma, na mbali kule nyuma yake kuna kitu cha rangi ya vumbi kinasimama kila akisimama.

"Fredrick," nikasema bila kuondoa mguu kwenye cherehani, "nyuma yako kuna nini?"

"Usimwangalie."

"Nakuuliza ni nini?"

"Ni mgeni. Wewe shona tu, mke wangu."

Jina likabaki hilohilo, Mgeni. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu alimaliza mwaka bila kushika jembe lolote. Habweki. Mwizi akija nadhani atampisha. Aliogopa ufagio, mwavuli, ndala ikivuliwa na mtu akipiga chafya. Na aliogopa kuku. Mkoa wote huu unasifika kwa kuku, na mimi nafuga mbwa anayewapa njia! Jogoo wangu aliligundua hilo mapema, akawa anakula chakula cha Mgeni mbele ya macho yake, na Mgeni amekaa pembeni kwa adabu, anangoja abakishiwe. Kwa watoto alisogea polepole. Kwangu mimi hakusogea kabisa, pengine kwa sababu ya ufagio, na mimi sikumbembeleza. Nilikuwa na kazi zangu.

Safari ikija, Fredrick hakutaka kusikia habari ya kumwacha. "Ni wa familia," alisema. Nikamuuliza tutampandisha wapi. Guta la Fredrick, yaani ile pikipiki yake ya matairi matatu, hubeba nyama, na nusu ya wateja wake ni Waislamu wanaomwamini. Mbwa akionekana mle mara moja, imani imekwisha. Hilo Fredrick mwenyewe analiheshimu kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo kila sikukuu huazima guta la rafiki yake anayefyatua matofali, na sisi hufika kila mahali tukiwa wekundu kama tumechimbuliwa.

Pasaka tulienda ziwa Singidani. Mgeni alikataa kushuka kwenye guta. Fredrick akasema basi, tutakula hapahapa, na tukatandika mkeka kando ya barabara tukizunguka matairi. Waliopita waliuliza, "Limeharibika?" Tukawajibu hapana, tunakula. Mwezi wa sita tulienda vilimani, akashuka, lakini kundi la kanga likaruka kutoka kichakani na hatukumwona tena mpaka jua linazama, tulipomkuta amejificha chini ya guta. Taratibu tukajifunza namna ya kuwa naye. Ukimrushia kitu umeharibu. Ukimwita kwa nguvu umeharibu. Uweke chakula chini, ukae, umpe mgongo, uendelee na mambo yako. Basi familia nzima tukawa tunakula tumegeukia nje, kila mtu na upande wake. Ungetuona kwa mbali ungesema hawa wamegombana kwa sababu ya shamba.

Hivyo ndivyo tulivyofika Krismasi hii iliyopita.

Mama Marietha miguu ilikuwa imemchoka. Miaka kadhaa alikuwa hajafika kwenye yale mawe ya Mungaa, na alikuwa ametuma salamu kupitia shemeji yangu Antipasi, kaka yake Fredrick: mwaka huu pilau yake asiletewe ndani. Anataka kula palepale. Fredrick alipopata salamu hizo alikata nyama vibaya siku nzima. Akachagua kipande cha paja akakihifadhi, hata mteja aliyemsihi hakumpa.

Tulifika Mungaa jua limeshapanda. Uwele ulikuwa umechipua vizuri na ardhi inanukia mvua. Mama alikuwa ameketi nje ya jiko, amevaa kitenge nilichomshonea, na ilionekana alikuwa tayari tangu alfajiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Na yule mwoga wenu mmemleta?"

"Tumemleta, mama."

Alinyoosha shingo akamwona Mgeni, amejikunja nyuma ya ndoo ya maji, jicho moja tu linaonekana. Alitikisa kichwa kidogo, akaomba asaidiwe kupanda.

Guta lilifika mpaka chini ya mawe. Ni mawe makubwa kama nyumba, yamepandana, na juu kidogo pana jiwe bapa ambalo juu yake unaweza kutandika mikeka minne. Kutoka pale Fredrick alimbeba mama yake mgongoni. Alimbeba haraka mno kwa furaha, na mama akampiga kofi la bega. "Polepole wewe! Mimi si nusu ya ng'ombe!" Watoto wakacheka. Mimi nilikuwa nimebeba sufuria kichwani, nyuma yao, na nakumbuka nilifikiri kwamba leo tumepatia.

Hapo ndipo Rebeka aliponong'ona, "Mama, ona. Ameshuka mwenyewe."

Kweli. Mgeni alikuwa chini, miguu yote minne kwenye nyasi, ananusa. Hakuna aliyemshusha. Akapiga hatua, akanusa tena, akaanza kuelekea upande wa pili, kwenye uwazi, mkia umelegea kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Shemeji Antipasi alikuwa amekuja kwa miguu, na alimwona pia. Sasa Antipasi ni mtu mwema sana. Ndiye aliyebaki na ng'ombe wa baba yao, na mkono wake haujui kukaa bila fimbo. Mchungaji wa huku, ng'ombe akianza kupotea, hamkimbilii. Anaokota jiwe, analirusha mbali, lipite juu ya ng'ombe na kuangukia mbele yake. Ng'ombe akisikia kishindo mbele anageuka, anarudi kwa wenzake. Hapigwi, wala hakusudiwi kupigwa. Antipasi amefanya hivyo tangu ana umri wa Benson, mkono unafanya kabla kichwa hakijafikiri. Aliona mbwa wa mdogo wake anapotea, akaamua kumsaidia.

Jiwe liliangukia palepale alipotaka. Ng'ombe yeyote angegeuka.

Mgeni alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akaruka upande, akapotea kati ya mawe.

"Shemeji!" nilipiga kelele.

"Sikumlenga! Nilikuwa namrudisha!"

"Amerudi?"

Maskini Antipasi alibaki ameshika fimbo, mdomo wazi. Nilimkasirikia siku ile, lakini hata wakati nimekasirika nilijua hana kosa. Alimrudisha kwa njia bora aliyokuwa nayo.

Fredrick alimweka mama chini kwenye jiwe bapa akakimbia. Tulimpata Mgeni upande wa juu, wanakokaa pimbi, ndani ya ufa mwembamba kati ya mawe mawili. Mtu mzima hawezi kuingia. Ukiinama unaona macho mawili tu na unasikia anavyohema. Na mume wangu, aliyetufundisha sote, akafanya yale yote aliyotukataza. Alimwita. Alipiga magoti. Alilala kifudifudi na shati lake jeupe akaingiza mkono hadi begani, akimwonyesha nyama, na kila akiuingiza mkono Mgeni alirudi nyuma zaidi.

"Si umpe mgongo?" nikamwambia.

"Nikimpa mgongo atatoka nyuma yangu aende zake. Hapa si Ikungi, Yunisi. Akiingia porini simwoni tena."

Nilishuka kupika, kwa sababu mtu akiwa na hasira ni afadhali awe na mwiko mkononi. Nilipanga mafiga, nikakaanga vitunguu, nikatia nyama ile ya paja. Harufu ikapanda hadi kwenye ufa na hakuna aliyetoka, si mbwa wala mume. Mama alikaa kwenye jiwe lake, Benson amelala mapajani mwake, na sikukuu yake aliyoingoja miaka mingi inampita hivihivi. Pilau ikaiva. Na upande wa mashariki wingu likaanza kuwa jeusi.

Antipasi akaja kwangu akisugua shingo. "Shemeji, mvua ile ikinyesha, lile korongo tulilovuka litajaa. Guta halitavuka."

Nikapanda kumwambia Fredrick. Alikuwa ameketi chini, mkono wake umechunika na jiwe.

"Nendeni," akasema. "Mimi nabaki."

"Unabaki wapi?"

"Hapa. Usiku fisi wanapita hapa, unajua. Hataweza kujitetea, hata kubweka hajui. Nilimwambia aje nyumbani, akaja."

"Na sisi je, hukutuambia tuje?" Niliropoka hivyo kwa hasira, machozi yananilenga. Kwa sababu nilijua atabaki kweli. Ningemwacha mume wangu mlimani na kisu kimoja na mbwa mmoja asiyebweka, mvua inanyesha, fisi wanalia, na mimi kijijini nimejifunika blanketi sipati usingizi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mbele yetu.

Chini yetu mama akapaza sauti. "Yunisi! Pilau imeiva?"

"Imeiva, mama."

"Haya, njooni mnibebe. Na pilau ije."

Antipasi akageuka. "Ije wapi?"

"Aliko mgeni."

"Mama, pilau ya Krismasi tumpelekee mbwa?"

"Wewe umemfukuza kwa jiwe, sasa utambebea sufuria," akamjibu, na hapo mwanaume mwenye wajukuu akainama akashika sufuria ya moto kwa vitenge viwili.

Tulihama sote. Fredrick alimbeba mama tena, safari hii polepole. Rebeka akabeba sahani, Benson akabeba kijiko kimoja, mimi nikabeba mkeka. Mama akataka awekwe karibu kabisa na ule ufa, karibu kuliko nilivyodhani inafaa, na akauelekezea mgongo. Akatuamuru tukae vivyo hivyo. Nikapakua. Akachukua sahani moja ya bati, akaijaza, nyama nyingi juu, akaipeleka nyuma yake kwa mkono bila kugeuza kichwa, akaiacha hapo kwenye jiwe.

"Kuleni," akasema.

Tukala. Fredrick alikuwa anatafuna lakini shingo yake yote ilikuwa inataka kugeuka.

"Tazama mbele," mama akamwambia.

"Mama, akitoroka?"

"Nami niliogopa hivyohivyo."

Kisha akaanza kusema kwa Kinyaturu, taratibu, huku anaokota wali kwa vidole, kana kwamba anaongea na bonde lililo mbele yetu. Nimeolewa huku miaka mingi, nilimwelewa kila neno.

"Krismasi ile ndama alipotea. Ulimwogopa baba yako. Aliapa mbele ya wageni kwamba leo utamtambua, na wewe ulikuwa mdogo, ukaingia humohumo alimo huyu mbwa. Baba yako alikuja akakuita. Kaka yako akaja akakuita. Hukutoka. Nikasema nikienda kumwita nitakuwa wa tatu."

Antipasi akaacha kutafuna.

"Nikapakua pilau nikaja. Nilijua upo, nilikuona kisigino. Nikakaa hapa, nikaweka bakuli nyuma yangu, nikala yangu. Nikasikia bakuli linakwaruza jiwe. Wacha niwaambie, nilitamani kugeuka. Nilitaka nione kama umeumia, kama umelia. Nilitaka nikushike. Lakini nikasema, nikigeuka nimemkosa. Nikakaa nikiangalia miti."

"Mama," Fredrick akasema. "Nilidhani hukujua. Nilidhani ulikuja kula tu, ukasahau bakuli."

"Nani anasahau bakuli la pilau Krismasi?"

"Na ndama?" Rebeka akauliza.

"Alirudi mwenyewe jioni," Antipasi akasema. "Mjinga yule."

Hadithi ile ya pilau nilikuwa nimeisikia mara nyingi kuliko Baba Yetu, na siku zote nilidhani naijua. Fredrick hakuwahi kututajia ndama wala ufa. Na kule nyuma ya bucha, nilipomwona kwenye kigoda ananoa kisu kilichokwisha kunoleka, nilidhani ni mbinu yake aliyoibuni. Sasa niliangalia migongo miwili mbele yangu, wa mama na wa mwana, imepinda vilevile, viwiko vimekaa vilevile magotini. Sidhani kama yeye mwenyewe alijua alikoitoa. Nilimpenda mume wangu pale juu kuliko siku ya harusi yetu, na siku ya harusi nilimpenda sana.

Matone ya kwanza yakaanguka. Nikamwona Antipasi anachukua fimbo yake iliyokuwa pembeni, anaisukuma polepole chini ya mkeka, anaikalia.

Ndipo nyuma yetu sahani ya bati ikakwaruza jiwe.

Rebeka alinishika mkono kwa nguvu. Benson alitaka kugeuka nikamfunika macho. Sahani ikakwaruza tena, ikasogea, ikagonga kitu. Tukasikia anakula kwa haraka, anameza bila kutafuna, halafu analamba, muda mrefu, mpaka hapakuwa na kitu cha kulamba. Fredrick alikuwa anatazama miti mbele yake na machozi yanamshuka hadi kwenye kola, na hakuyafuta, kwa sababu angefuta angeinua mkono.

"Haya," mama akasema, kwa Kiswahili sasa. "Kusanyeni vyombo. Taratibu. Mtu asimtazame."

Tuliteremka kwenye mvua bila kukimbia, Fredrick na mama yake mgongoni, sisi nyuma yao, na nyuma yetu sote kucha ndogo zinagonga jiwe. Chini, Mgeni alizunguka guta mara moja, akaruka ndani, akaenda mahali pake nyuma ya ndoo. Tulivuka korongo maji yakiwa yanaanza kukorogeka. Tulipomshusha mama kwake, Fredrick alimshika mikono yote miwili, na mama akamsukuma. "Nenda, mnalowa. Pasaka mje mnichukue. Na huyo mje naye."

Njia ya kurudi Ikungi ilikuwa ndefu. Fredrick aliendesha mbele. Mimi nilikaa nyuma na watoto, tumejifunika turubai, nimeegemeza mikono kwenye sufuria tupu. Radi ikapiga, na nikasikia Mgeni anatetemeka mpaka ndoo inalia. Ikapiga nyingine. Kisha nikahisi kitu mgongoni. Kwanza kidogo, kama mtu anayejaribu mlango. Halafu uzito wote, mbavu zenye maji, moyo unapiga mbio kwenye uti wangu wa mgongo.

"Mama," Rebeka akanong'ona, "Mgeni amekuegemea."

"Najua. Usimwangalie."

Mguu wangu uliingia ganzi. Barabara ilikuwa mbovu, matofali yaliyobaki ndani yalinichoma, na kitenge changu kipya kilinuka mbwa aliyelowa. Nilitamani sana kumwona sura. Sikugeuka mpaka Ikungi.